Majina Matano Niliyoyavunja Bomani

Vijana wangu, ninyi mnaojenga kwa matofali ya simenti na kumaliza nyumba kabla mvua haijajua kama mmeanza, itazameni kwanza mikono hii. Kidole hiki cha kushoto hakinyooki: ni nyundo. Ukucha huu mweusi: ni nyundo. Kovu hili la kwenye paja si nyundo, ni mbwa wa jirani, tuliache. Nimefanya kazi ya mawe tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zimekuwa nyeupe zenyewe bila kupakwa chokaa. Sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kulitunza boma la zamani, lile lililo juu ya kilima ukitoka Baraka kupanda Fizi, pale unapoiona rasi ya Ubwari yote imejilaza ziwani.

Kwa wasiopajua: ndani ya ukuta wa boma kuna mnara mfupi wa mawe, na mbele ya mnara kuna bamba kubwa la jiwe lililolazwa kwa kuinama kidogo, kama meza ya kuandikia shuleni. Juu ya bamba yamechongwa majina thelathini na moja ya askari weusi wa Bula Matari. Ndivyo wazee wetu walivyoiita serikali ya wakoloni. Askari hao walikufa katika vita vya kupigana na Wadachi, yaani Wajerumani. Wapagazi waliowabebea mizigo hawakuandikwa hata mmoja, nao walikufa pia. Hilo silo kosa langu. Kosa langu linakuja, msiwe na haraka.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Etabo, fundi mfupi, mkali, mwenye masikio makubwa. Masikio hayo yalikuwa vyombo vyake vya kazi. Ukimletea mchanga, hakuutazama. Alichota kidogo, akausugua kwa vidole karibu na sikio. Ukilia kwa ukali, mchanga ni mzuri. Ukinyamaza, una udongo ndani, rudi mtoni ukauoshe. Mwaka mzima wa kwanza kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kubeba mchanga na kungoja hukumu ya sikio. Siku moja nilijifanya mjanja. Nilimletea mchanga mbaya, kisha nikasimama karibu yake nikitafuna karanga kwa nguvu ili asisikie vizuri. Alisugua, akanitazama kwa upole.

«Mutoto, muchanga yako iko inakula karanga?»

Nikaurudisha mtoni. Tangu siku hiyo mafundi wenzangu waliniita Karanga, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo.

Mwaka wa pili alinipa tindo, ile patasi ya chuma ya kuchongea mawe. Sikilizeni hapa, maana haya hamtayapata kwenye simu. Tindo hushikwa kimshazari. Ukiisimamisha wima, jiwe hupasuka kwa ndani na halikuambii, linangoja uondoke. Pigo dogo mara mia hushinda pigo kubwa mara moja. Chini ya herufi paache pembe kali, pasiwe bapa, ili kivuli kikae humo na jina lisomeke na jua la pande zote. Tena mzee Etabo alikuwa na amri moja: ukichonga jina la mtu, usizungumze habari za mtu mwingine mpaka umalize. Nilidhani ni mwiko wa wazee. Siku hizi nadhani alitaka tu ninyamaze.

Lakini kazi iliyotulisha haikuwa herufi. Ilikuwa kuvunja majabali, tupate mawe ya misingi. Baruti hatukuwa nayo. Unalizungushia jabali kuni, unawasha moto, unauchochea mpaka jiwe linabadilika rangi. Moto ukishakufa, unafagia makaa upesi na kulimwagia ndoo ya maji baridi kwa mara moja. Jiwe linalia, paa! Linafunguka lenyewe, na kazi ya nyundo imepungua nusu. Tulifanya hivyo kila juma, miaka na miaka, hata mikono yangu ikawa haiulizi tena kichwa. Moto ukifa, ndoo. Moto ukifa, ndoo.

Mzee Etabo alipofariki, kazi ya kulitunza boma ikaniangukia mimi. Asubuhi ya kwanza nilipanda kilimani nimevaa shati safi, nikakuta bamba halionekani. Limefunikwa lote kwa mihogo.

Msiwacheke bamama, akina mama wa mtaani walioianika pale, walikuwa na akili. Bamba lile linapata jua tangu mapema, halina mchanga, na mbuzi hawapiti ukuta. Waliloweka mihogo mtoni mpaka ikawa laini, wakaikamua, wakaibandika juu ya jiwe kwa viganja, vipande bapa vyenye ukubwa wa sahani. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pale juu ya bamba, alipoachiwa na mama yake au mama mkwe wake. Karatasi ya mipaka haikuwepo, lakini jaribu kuubandika muhogo wako mahali pa mwenzako uone kama utafika nyumbani na sinia lako.

Mkubwa wao alikuwa Mama Faida, mama mrefu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi urudi. Nilimwendea nimetoa kifua mbele.

«Mama, hapa ni mahali pa heshima. Mutoe mihogo.»

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. «Heshima gani inapita kulisha batu?»

Nikaamua kutumia ujanja. Jioni nililipaka bamba lote chokaa, nikasema kesho wataogopa kuchafua mihogo yao. Hawakuogopa. Waliona jiwe jeupe, wakafurahi kwamba fundi mpya ni msafi, wakaanika. Siku chache baadaye Mama Faida akanijia na sahani iliyofunikwa kitambaa.

«Karibu chakula, fundi.»

Ulikuwa bugali, ugali wa muhogo, mweupe ambao sijapata kuona, na ndagala, dagaa wa ziwani, pembeni. Nikanawa. Tonge la kwanza likanikaba kooni na ulimi ukaanza kuwaka. Nikataka kusimama. Yeye akawa amesimama kwanza, mikono kiunoni. «Kula, baba. Ni chokaa yako, si ya mutu mwingine.» Nilimeza matonge matatu mbele ya macho yake, na tumbo likanifundisha adabu siku mbili nzima. Tukapatana baada ya hapo: chokaa ni ya mnara na ukuta tu, mihogo siku za kazi, Jumamosi mimi naliosha bamba kwa brashi, Jumapili bamba linapumzika. Amani ilikaa miaka mingi, nami nikazeeka ndani ya amani hiyo.

Sasa kosa lenyewe.

Siku moja Mwalimu Bahati alipanda kilimani akihema. Alikuwa amestaafu ualimu na kuchaguliwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Habari yake ilikuwa kwamba baada ya wiki mbili watakuja wageni kutoka mbali kuweka maua kwa ajili ya askari wale, na kwamba siku hiyo majina yote yatasomwa kwa sauti.

«Yatasomwa wapi?» nikauliza.

«Hapa juu ya jiwe. Karatasi zenye majina zilipotea miaka ile tulipokimbia vita sote. Jiwe hili ndilo daftari lililobaki. Lisafishe, fundi, mpaka hata mimi mwenye macho mabovu nisome.»

Nikaanza kazi kwa moyo mkunjufu. Sehemu kubwa ya bamba ilitakata kwa brashi na majivu. Ila pembe moja ya chini, iliyo karibu na ukuta, ilikuwa imeota weusi wa kuvu na maji ya mihogo ya miaka yote. Nilisugua mpaka brashi ikapata upara. Nikafikiri: weusi huu ni kitu kilichoota, na kilichoota huungua. Nikaleta nyasi kavu na vijiti, nikawasha moto juu ya pembe ile. Tena nawaambieni, ulifanya kazi! Weusi ukageuka majivu, jiwe likatokea safi kama mtoto aliyeoshwa. Nilifurahi hata nikaimba. Moto ukafa. Nikafagia makaa. Ndoo ya kusuuzia ilikuwa kando yangu.

Paa!

Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia maelfu ya mara, na kila mara nilicheka. Siku ile sikucheka. Ngozi ya jiwe, unene wa kidole, ilikuwa imejiinua kwenye pembe yote na kuvunjika magamba. Nilipiga magoti kuyaokota, yakawa unga mikononi. Majina matano yalikuwa yamekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye viatu.

Najua mnachotaka kuniuliza. Wewe uliyelipiga brashi bamba hilo kila Jumamosi, majina huyajui? Hapo ndipo ilipo aibu yangu, na ni kubwa kuliko ile ya ndoo. Nilijua kina cha kila herufi. Nilijua ipi inashika uchafu na ipi inatoa upesi. Kusoma najua. Lakini sikuwahi hata siku moja kuyasoma kama majina ya watu. Kwangu yalikuwa mashimo ya kusafisha.

Nikafanya linalofanywa na mwoga. Nilikoroga simenti, nikaiziba pembe yote, nikailainisha vizuri sana kwa mwiko, nikaifunika gunia lililolowa maji. Nikajiambia, nitatafuta la kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifo changu kilikuja kesho yake asubuhi kikiwa na beseni la mihogo kichwani.

Mama Faida alitua beseni, akaondoa gunia bila kuniuliza, akaweka kiganja juu ya simenti. Akakipitisha huku na huku.

«We fundi. Koko yangu iko wapi?»

«Koko? Babu gani, mama?»

«Koko yangu Kashindi. Alikuwa hapa. Mi sijue kusoma, lakini mukono yangu inajua. Mama yangu alinishika mukono hii nikiwa mudogo, akaipitisha hapa, akasema: huyu ndiye baba yangu. Miaka yote ninaanika mihogo yangu juu yake. Sasa ni laini sawa tako ya mutoto. Ulimupeleka wapi?»

Nilikuwa nimedhani mahali pale alipashikilia kwa ajili ya jua. Nikamwambia yote, moto, ndoo na uongo wa simenti. Nilingoja sauti ile ya kuita mitumbwi. Alikaa chini kwenye ukingo wa bamba, akafuta uso kwa kitenge, na mimi nikatamani angenipiga tu.

«Walimukamata siku ya soko,» akasema polepole, «wakamupa bunduki. Kuna batu banasema askari bale balipiga bababu zetu fimbo. Pengine naye alipiga, mi sijue, sikumuona. Lakini alikuwa na mama. Mama yake alipanda hapa na kushuka, kila siku, mpaka alikufa.»

«Jina lake nitalichonga upya, mama. Naapa. Kashindi.»

«Na bale bengine bane?»

«Hao sibajue, mama.»

«Balilala na yeye hapa miaka yote. Utamurudisha yeye peke yake, akae na nani?»

Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya sherehe. Yeye, kwa kuwa mikono ya mama haijui kukaa bure, akachukua donge la muhogo kwenye beseni akaanza kulikanda. Akalibandika juu ya bamba, mahali penye majina mazima. Akalibandua. Akaligeuza. Kisha akanitazama, na macho yake yakawa makubwa.

Chini ya muhogo zilikuwepo herufi, zimeinuka kama mishipa ya mkono.

Vijana, nilikuwa nimeiona mihogo ile yenye maandishi miaka yote. Mtaani walitania kwamba kwa Mama Faida unakula bugali uliokwenda shule. Nisingeweza kuhesabu mara nilizoiona, na haikunijia kichwani.

«Ile ya juma lililopita,» nikasema, «uliishaipeleka kwa mashine?»

«Nimeacha mukamwana anaipeleka sasa hivi!»

Sijui kama mmewahi kumwona mama wa umri ule akikimbia kuteremka kilima. Mimi niliachwa nyuma, na nilikuwa mdogo kwake. Tulimkuta mkamwana kwenye mlango wa mashine ya kusaga, kapu chini, akisubiri zamu yake, mama wawili tu mbele yake. Mama Faida alilikumbatia kapu lile kama mtu aliyepotea.

Tukamwaga vipande juu ya mkeka nyumbani kwa Mama Faida. Herufi zilikuwa zimegeuka, maana muhogo ulizichukua kinyume. Lakini fundi wa mawe hashindwi hapo. Nilikanda udongo wa mfinyanzi, nikautandaza juu ya ubao, nikabonyeza kipande cha kwanza taratibu, nikakiinua. Herufi zikawa zimeingia kwenye udongo sawasawa, kama zilivyokuwa kwenye jiwe. Nikasoma kwa sauti. «Saidi.»

Ilikuwa mara ya kwanza nasoma jina la mtu kutoka kwenye bamba lile.

«Aa, ndiye Saidi huyo,» akasema Mama Faida, na kusogea kidogo kwenye mkeka. «Karibu, baba.»

Habari ikaenea, bamama wote wa bamba wakaja na makapu yao. Siku mbili tuligeuza vipande, tukaviunganisha, nusu ya jina kutoka kwa huyu, nusu kutoka kwa yule. Nilivunja kimoja kwa bahati mbaya, nikapigwa mwiko wa kupikia begani, na nilistahili. Tukampata Kashindi. Tukampata Ngoyi. Tukampata Bolumbu, ambaye hakika alitoka mbali, kwa kuwa jina hilo huku kwetu halipo. Kila aliyesomwa, Mama Faida alimkaribisha, na mama mmoja akaanza kuuliza kwa mzaha kama wageni hao watakula jioni.

Wanne. Wa tano alikuwa kwenye ncha kabisa ya pembe, mahali pa Mama Riziki, mama mnyamavu aliyekuwa akiuza mihogo badala ya kula. Alikuja na kapu tupu, akasimama mlangoni.

«Yangu yote niliuza. Gunia ilienda Lulimba, kwa bachimba zahabu.»

Kesho yake nilikuwa nyuma ya pikipiki, njia ya Lulimba, nimeshikilia dereva kiunoni. Barabara mnaijua. Niliuma ulimi mara mbili na kumwahidi Mungu mambo ambayo mengine bado sijayatimiza. Niliulizia mpaka nikampata mama anayewapikia wachimbaji. Gunia la Mama Riziki lilikuwepo, limekunjwa, limewekwa chini ya sufuria.

«Ile mihogo? Ilikuwa mizuri sana, baba. Tuliimaliza juzi.»

Nikamweleza kwa nini nimekuja. Wachimbaji waliokuwa wanakula wakasikiliza, kijiko mkononi. Mmoja wao, mwenye mabega kama mlango, akatikisa kichwa.

«Basi tulikula askari muzima. Ndiyo maana jana nilichimba sawa batu babili.»

Walicheka wote, nami nikacheka nao, kwa sababu ilichekesha. Walinipa chakula, hawakukubali nilipe. Lakini njiani kurudi nililia, kweli nililia, na dereva akadhani ni vumbi, akanipa kitambaa chake.

Mwalimu Bahati alinisubiri bomani. Nilikuwa nimeshamweleza kosa langu, naye hakunitukana, alikuwa mtu mwema. Alinisikiliza, akafikiri.

«Andika Yohana,» akasema. «Kila jeshi lina Yohana. Nani atajua?»

Msidhani nilikataa palepale kama mtakatifu. Nilikuwa nimechoka, na mgongo ulikuwa bado barabarani. Nilikuwa nimeshaichimbua ile simenti yangu ya uongo, nikakata kipande cha jiwe zuri, nikakichomeka kwenye pembe na kukikaza kwa chokaa iliyolala majini siku za kutosha. Wale wanne nilikuwa nimeshawachonga. Nikachukua chaki, nikaandika Y chini yao. Nikashika tindo kimshazari.

Mkono ukakataa. Mkono huohuo uliomwaga ndoo bila kuniuliza, safari hii nao haukuniuliza. Niliona kwamba Yohana huyo akishakaa pale, hatatoka tena, na mwenye mahali pake hatakuwa na pa kurudi. Mtu huyo alikufa mara moja kwa vita vya wengine, mara ya pili kwa maji yangu. Sasa nimmalize kabisa kwa tindo? Nikafuta chaki kwa kiganja. Nikachonga mpaka jua likaanza kushuka, na sikuzungumza habari za mtu yeyote. Niliandika hivi:

NA MWENZAO MMOJA. JINA LAKE FUNDI ALILIVUNJA.

Mwalimu Bahati alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

«Fundi, utajiaibisha mbele ya wageni.»

«Ndiyo, Mwalimu. Herufi zimeingia vizuri?»

Akapitisha kidole. «Zimeingia vizuri sana,» akasema.

Siku ya sherehe kilima kilijaa. Wageni walikuja na maua, kwaya ya Waprotestanti na kwaya ya Wakatoliki zikagombania kivuli cha ukuta, na mimi nilivaa tai ambayo ilikuwa inaninyonga taratibu. Mwalimu Bahati alikuwa amepanga majina yaitwe kama jeshini: akitaja jina, mtu wa ukoo aitike «Prezan!», yaani nipo. Wale wasio na ukoo karibu, na walikuwa wengi, bamama wa bamba waligawana. Kila mmoja aliitika kwa ajili ya wale waliokuwa chini ya mihogo yake. Nani angewajua zaidi?

Majina yakaitwa, moja moja. Prezan. Prezan. Alipofika kwa Kashindi, Mama Faida aliitika kwa sauti iliyovuka ziwa, mgeni mmoja akaangusha maua. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa amesimama wima kabisa, machozi yanamtoka. Saidi, prezan. Ngoyi, prezan. Bolumbu, prezan.

Kisha Mwalimu akafika kwenye mstari wangu. Akakohoa. Akausoma wote bila kuruka neno: na mwenzao mmoja, jina lake fundi alilivunja.

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mpaka mbele. Vichwa vikanigeukia, tai na mtu wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nikatazama viatu vyangu. Lakini kicheko kikapungua, kisha kikaisha, kwa sababu Mwalimu alikuwa bado anangoja. Kila aliyeitwa alikuwa ameitikiwa. Mama Riziki alifunika mdomo kwa kitenge, hakuweza. Hakuna aliyeitika. Thelathini walikuwepo, na mmoja tu ndiye angeandikwa moyoni mwa watu kwamba hakuja.

Nikasikia mtu ameitika «Prezan!» kwa sauti iliyopasuka katikati. Nilikuwa mimi.

Watu walipoanza kushuka kilima, Mama Faida alinishika mkono wa shati, akanivuta kando.

«Sasa huyo ni ndugu yako, fundi. Utamuitikia kila mwaka, umesikia? Hana mwingine.»

Nimesikia, mama. Mnaniona hapa mlangoni, wanangu, nyundo nimeiweka, tindo nimempa fundi mwingine. Nimestaafu yote. Kuitika sijastaafu.